Mtoto Aliyeua Afungwe Mpaka Lini?

Mwaka 1993, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, kijana wa miaka 17 aitwaye Christopher Simmons aliwaeleza wenzake mpango wake: wavunje nyumba ya mtu usiku, waibe, wamfunge mwenye nyumba, kisha wamtupe mtoni kutoka darajani. Akawatoa wasiwasi kwamba hakuna kitakachowapata kwa sababu umri wao bado mdogo. Mpango ukatekelezwa. Mwanamke waliyemkuta ndani alifungwa mikono na miguu, akatupwa majini angali hai.

Naanza na kesi hii kwa sababu inanipa tabu. Mimi ni wa upande unaosema mtoto aliyeua asihukumiwe kama mtu mzima, na watu wa upande wetu hupenda kuanza na kesi nyepesi: yule aliyelelewa kwa kipigo, yule aliyesukumwa na wakubwa, yule aliyeshika bunduki mara ya kwanza mkono ukimtetemeka. Hao wapo, na ni wengi. Lakini yupo na huyu, aliyeupigia hesabu umri wake kabla ya kuua. Hoja inayomkwepa Simmons haitufikishi popote.

Simmons alihukumiwa kifo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2005, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kwamba dola haiwezi kumuua mtu kwa kosa alilotenda kabla ya kutimiza miaka 18. Wapo wanaosikia habari hiyo wakadhani kijana aliachiwa. Hakuachiwa. Adhabu yake iligeuka kifungo cha maisha kisicho na nafasi ya kutoka. Sehemu kubwa ya dunia ilikwisha kufika hapo na kupita: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 37, unakataza kifo na unakataza pia kifungo cha maisha kisicho na matumaini ya kutoka kwa kosa la aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 nao unakataza hukumu ya kifo kwa makosa ya watoto. Marekani ndiyo mwanachama pekee wa Umoja wa Mataifa ambaye hajauridhia ule wa 1989. Iran imeuridhia, na bado imekuwa ikiwanyonga watu waliokosa wakiwa watoto.

Suala la kifo silitumii muda mrefu. Anayetaka kulijadili amtazame George Stinney, mtoto mweusi wa miaka 14 huko South Carolina, mwaka 1944. Kesi yake ilisikilizwa siku moja, juri, yaani raia walioteuliwa kuamua hatia, wote wazungu watupu, ikatoka na uamuzi baada ya dakika kama 10, na kabla miezi mitatu haijapita tangu akamatwe alikuwa amekwisha kuuawa kwenye kiti cha umeme. Mwaka 2014 jaji alifuta hatia yake. Miaka 70 ilikuwa imepita, na hakukuwa na mtu wa kumfungulia mlango.

Swali linalonikosesha usingizi ni lile linalobaki baada ya hapo. Hauawi, sawa. Haachiwi vivi hivi, sawa. Basi akae ndani mpaka lini, na tarehe hiyo aishike nani mkononi?

Nimefundisha vijana wa umri huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kuna jambo kila mwalimu analijua hata kama hajasoma saikolojia. Kijana wa miaka 15 ukikaa naye peke yake, ametulia, atakuchambulia mema na mabaya kuliko baadhi ya wajomba zake. Anajua kisu kinaua. Anajua aliyekufa harudi. Mtoe hapo umweke katikati ya wenzake, ametukanwa, wote macho kwake wakingoja aone la kufanya, na yule mchambuzi wa asubuhi humwoni tena. Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg walilipima jambo hili kwa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Vijana walipocheza wenzao wakiwatazama walijihatarisha zaidi sana kuliko walipocheza peke yao. Kwa watu wazima, kutazamwa hakukubadilisha kitu cha maana.

Kwa hiyo sheria inapouliza kama mtoto "alijua" kwamba kuua ni kosa, inauliza swali ambalo jibu lake karibu kila mara ni ndiyo, na ambalo halitusaidii sana. Kujua alijua. Kilichokuwa bado kichanga ni uwezo wa kujizuia, wa kuona mbali kuliko usiku ule, wa kuwaambia wenzake hapana. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia mambo hayo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Hapo watetezi wengi husimama, wakidhani wameshinda. Mimi naona bado. Mamilioni ya vijana wana ubongo huohuo na hawajamgusa mtu. Ubongo mchanga unapunguza lawama, hauifuti, na baba wa marehemu ana haki ya kukasirika akiona watu wanamchorea picha za ubongo mahakamani kana kwamba aliyeua ni ubongo. Elimu hii inanishawishi zaidi inapozungumzia kesho kuliko inapozungumzia jana. Inasema mtu wa miaka 15 bado yuko jikoni; humwonji leo ukasema ndiyo ladha yake ya miaka yote. Hata Simmons, mpiga hesabu, alipiga hesabu ya kitoto. Baada ya kuua alikwenda kujigamba kwa watu, na polisi wakamkamata shuleni.

Marekani iliwahi kujaribu kutabiri kesho ya watoto wake, na matokeo yake yanafaa kukumbukwa. Katikati ya miaka ya 1990, msomi John DiIulio alitangaza kwamba linakuja kundi la vijana wasio na utu kabisa, wawindaji wa watu, na kwamba uhalifu utalipuka. Wanasiasa wakalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Jimbo baada ya jimbo likabadili sheria ili watoto wapelekwe mahakama za watu wazima. Kundi lile halikuja. Uhalifu wa vijana ulishuka. DiIulio mwenyewe alikiri kwamba utabiri ulikuwa wa makosa, na baadaye akatia sahihi hoja zilizopelekwa Mahakama ya Juu kuwatetea watoto waliofungwa maisha. Nampongeza kwa hilo. Waliofungwa kwa sababu ya utabiri wake waliendelea kuhesabu miaka.

Wote waliofungwa maisha bila nafasi ya kutoka kwa makosa ya utotoni, wa zama hizo na wa kabla yake, walikuwa zaidi ya 2,000 mwaka 2012, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba jaji asilazimishwe na sheria kumpa mtoto kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka. Ni lazima kwanza aupime umri wake na mazingira yake. Katika kesi zilizosikilizwa pamoja siku hiyo mmojawapo alikuwa Kuntrell Jackson, aliyekuwa na miaka 14 wakati duka la kanda za video lilipovamiwa huko Arkansas na mwenzake akampiga risasi mhudumu. Jackson hakufyatua risasi. Sheria ilimhesabu mwuaji kwa sababu alikuwamo kwenye wizi ulioleta kifo. Nalitaja hili kwa sababu tunaposema "mtoto aliyeua" tunamwona kichwani mtoto mmoja mwenye silaha mkononi, ilhali vijana hutembea kwa makundi na hushtakiwa kwa makundi, na aliyesimama mlangoni anaweza kupata miaka ileile aliyopata mfyatuaji.

Mwaka 2016 uamuzi ule ukarudishwa nyuma kuwafikia waliofungwa zamani. Kesi iliyoleta hilo ilikuwa ya Henry Montgomery wa Louisiana, aliyemuua naibu wa sherifu mwaka 1963 akiwa na miaka 17. Jina lake liliwafungulia mamia ya watu milango ya gereza. Yeye mwenyewe bodi ya parole, ile inayoamua mfungwa gani atoke kwa masharti, ilimkatalia mara mbili, akatoka Novemba 2021 akiwa na miaka 75.

Na waliotoka walifanya nini? Katika jiji la Philadelphia watafiti waliwafuatilia 174 wa kundi hili, watu waliokuwa wamekaa ndani miongo na miongo. Ripoti yao ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba waliotiwa hatiani tena kwa kosa jipya walikuwa asilimia 1.14, yaani watu wawili. Ni kweli walitoka wakiwa watu wa makamo, na muda wa kuwafuatilia haukuwa mrefu. Lakini ni watu ambao hukumu zao zilisema hawatabadilika kamwe.

Sasa nigeukie kesi inayotajwa kila mara mjadala huu ukianza. Februari 1993, karibu na Liverpool nchini Uingereza, wavulana wawili wa miaka 10 walimchukua James Bulger, mtoto wa miaka 2, kutoka kwenye maduka, wakatembea naye mwendo mrefu, wakamuua karibu na reli. Sitaeleza walivyomuua. Novemba mwaka huohuo walisimamishwa mbele ya mahakama ya watu wazima mjini Preston, kwa taratibu zote za kesi kubwa. Kizimba kilikuwa kimeinuliwa ili waweze kuona kinachoendelea. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ilipoipitia kesi hiyo mwaka 1999, ilisema kuinuliwa huko kuliwaongezea hisia ya kuanikwa mbele za watu, na kwamba watoto wale hawakuweza kushiriki ipasavyo katika kesi yao wenyewe.

Kinachonishika zaidi ni hesabu ya miaka. Jaji aliyesikiliza kesi alipendekeza wasitoke kabla ya miaka 8. Jaji Mkuu akasema 10. Kisha suala likafika mezani kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, ambaye alipokea sahihi zaidi ya 250,000 za wananchi na maelfu ya fomu zilizokatwa kwenye gazeti, akasema 15. Nane, kumi, kumi na tano: hakuna ushahidi mpya uliokuwa umepatikana katikati. Watoto ni walewale, kosa ni lilelile. Kilichoongezeka ni idadi ya watu waliokasirika na ukubwa wa cheo cha aliyekuwa akiandika namba. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya mwisho ya Uingereza, liliona uamuzi wa waziri haukuwa halali, na ile Mahakama ya Ulaya ikasema kazi ya kupanga muda huo ni ya chombo huru, si ya mwanasiasa. Wavulana waliachiwa mwaka 2001, kwa majina mapya.

Mmoja wao amerudishwa gerezani zaidi ya mara moja kwa makosa ya kuwa na picha chafu za watoto. Wa pili hajasikika kwa kosa lolote. Anayetaka kuthibitisha kwamba hawa watu hawabadiliki atakutajia wa kwanza, anayetaka kuthibitisha kwamba hubadilika atakutajia wa pili, na mimi nauliza ni nani mwaka 1993, akiwatazama wawili hao kizimbani, angeweza kusema yupi atakuwa yupi.

Hilo ndilo linalonifanya nione kosa letu si ukali wala upole. Kosa ni kutaka siku ya hukumu imalize kila kitu. Siku hiyo maiti bado ni mbichi, mtaa umewaka, na mtoto aliye mbele yetu ndio kwanza ameanza kuwa mtu. Siku hiyo tunaweza kusema kwa uhakika jambo moja tu: alichokifanya. Basi adhabu ya alichokifanya ipangwe siku hiyo, kwa miaka kamili, na iwe miaka inayouma. Atakayekuwa apimwe baadaye, na watu wengine.

Msije mkadhani nasifu vifungo visivyo na mwisho. Uingereza ilipoacha kuwanyonga watoto mwanzoni mwa karne ya 20 iliweka badala yake kifungo kwa ridhaa ya Mfalme, na makoloni yakarithi utaratibu huo. Walipopata uhuru, mfalme akafutwa, rais akaandikwa. Mtoto akipatikana na hatia ya mauaji anawekwa ndani "kwa ridhaa ya Rais", bila tarehe, akingoja siku ambayo mkubwa mmoja, mwenye mambo mengi, atakumbuka faili lake. Waliobuni waliona ni huruma kuliko kitanzi. Jaribu kumweleza hivyo mtu aliyeingia na miaka 16 akafikisha 30 bila kuambiwa lolote. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba utaratibu huo unakiuka katiba, na sababu zake zilinigusa kwa jinsi zilivyo nyepesi kueleweka: kupanga adhabu ni kazi ya mahakama, na mtoto ana haki ya kujua kifungo chake kina urefu gani.

Wajerumani wamelifanya hili kwa namna ninayoiheshimu. Kwa mwenye miaka 14 hadi 17 kifungo cha juu ni miaka 10, hata kwa mauaji. Kwa mwenye 18 hadi 20 mahakama inamtazama mtu mwenyewe: kama ukomavu wake ulikuwa bado wa kijana, anahukumiwa kwa sheria ya vijana, na kwa mauaji mabaya kupindukia anaweza kupata hadi 15. Napenda lile daraja la katikati. Ule ukuta wa siku ya kuzaliwa, unaomfanya aliyeua leo usiku awe mtoto na aliyeua kesho asubuhi awe mtu mzima, haujawahi kuniingia akilini. Miaka 10 naiona michache kwa mtu kama Simmons. Nalisema wazi, najua baadhi ya marafiki zangu wanasheria watanuna.

Kwa watoto wadogo kabisa mambo ni mengine. Mwaka uliofuata baada ya kifo cha James Bulger, mjini Trondheim, Norway, msichana wa miaka 5 aliuawa na wavulana wadogo wa umri karibu na wake. Umri wa kuwajibika kijinai Norway ni miaka 15, kwa hiyo hapakuwa na kesi. Majina hayakuchapishwa; ustawi wa jamii na wataalamu wa saikolojia wakawachukua watoto. Wavulana wa Liverpool walikuwa wakubwa kuliko wale, hivyo kesi hizi hazilingani sawasawa, lakini mtoto wa miaka 6 kizimbani ni jambo ambalo hata wakali wenzetu wanalikataa wakiulizwa polepole. Uingereza na Wales bado wanaanzia miaka 10. Scotland wamepandisha hadi 12.

Nimechelewa kuwafikia wafiwa, nao ndio wanaotajwa kwa sauti kubwa na kusikilizwa kidogo. Japani, mwaka 1997, mvulana wa miaka 14 aliua watoto wawili mjini Kobe. Sheria ya wakati ule ilimlinda kiasi kwamba hakushtakiwa kijinai. Alipelekwa kwenye taasisi ya matibabu na marekebisho, akaachiwa mwaka 2004. Mwaka 2015, akiwa mtu mzima, alichapisha kitabu kuhusu mauaji yale, akilificha jina lake, bila kuziomba ruhusa familia za waliokufa. Kitabu kikauzwa sana. Nikiwaza mzazi anayepita dirishani mwa duka la vitabu na kukutana na hicho, naelewa kabisa hasira iliyowafanya Wajapani, tangu mwaka 2000, kabla hata ya kitabu hicho, washushe umri wa kushtakiwa kutoka miaka 16 hadi 14. Mfumo uliofanya kazi nzuri ya kumtunza mvulana haukuwa umewaza vya kutosha kuhusu wale wengine.

Kisha yupo Azim Khamisa, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Marekani. Mwanawe Tariq, wa miaka 20, alipigwa risasi Januari 1995 huko San Diego akipeleka piza. Aliyefyatua ni Tony Hicks, wa miaka 14, kwa amri ya kijana mkubwa kuliko yeye. Hicks alihukumiwa kama mtu mzima, miaka 25 hadi maisha. Khamisa alimtafuta babu wa mvulana, Ples Felix, na wazee hao wawili wakaanza kuzunguka mashuleni pamoja wakizungumza na watoto kuhusu kuua na kufa. Baadaye alikutana na Hicks mwenyewe, na kuunga mkono aachiwe. Alitoka mwaka 2019.

Kisa hiki hupendwa sana, na ndiyo maana kinanitia hofu kidogo. Kinageuzwa kipimo: ukishindwa kusamehe kama Khamisa, una upungufu. Mama yake James Bulger hajawahi kukubali kwamba haki ilitendeka, na sioni kwa nini atakiwe kukubali. Msamaha ni mali ya mfiwa. Mahakama isiuombe, isiuhesabu, isiujengee hukumu, maana aliyeuawa mtoto wa watu wakali atakuwa amepata haki nyingi kuliko aliyeuawa mtoto wa watu wapole. Na mara nyingine mfiwa na jamaa wa mwuaji ni mtu mmoja. Brett Jones wa Mississippi alimuua babu yake mwaka 2004, wiki chache baada ya kufikisha miaka 15. Aliyesimama mahakamani kumtetea ni bibi yake, mjane wa marehemu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilimkatalia Jones kwa kura 6 dhidi ya 3. Kifungo chake cha maisha kikabaki.

Mfumo ninaoutaka hauna uzuri wa kupigiwa makofi. Jaji anapanga kima cha chini kwa kuangalia umri na kosa, miaka michache kwa wa 14, mingi zaidi kwa wa 17 aliyepanga. Kijana hawekwi na watu wazima. Anasoma, na analazimika kulikabili alilolifanya mbele ya wataalamu, jambo ambalo wafungwa wengi watakwambia ni gumu kuliko kufuli. Kima kikiisha, bodi huru inamsikiliza, si waziri, si rais, si gazeti. Familia ya marehemu inaarifiwa mapema, inazungumza ikitaka, inanyamaza ikitaka, na haikuti habari ya kuachiwa kwake kwenye simu ya jirani. Anayeachiwa anaachiwa kwa masharti, na akiyavunja anarudi.

Na asiyebadilika? Yupo, sijamsahau. Evan Miller, aliyeua akiwa na miaka 14 na ambaye kesi yake ndiyo iliyoleta ule uamuzi wa 2012, alihukumiwa upya mwaka 2021, na jaji akampa tena maisha bila nafasi ya kutoka. Pengine jaji aliona kitu. Hata hivyo, kama bodi ingemsikiliza na kumkatalia, ingelazimika kuandika kwa nini, kumpa karatasi hiyo mkononi, na kumwandikia chini yake tarehe atakayosikilizwa tena.